Na Mama kando ya Ziwa Superior: safari ya RV, Julai 2023

Nimeyaandika haya baada ya kurudi nyumbani, nikifuata daftari nililojaza kila jioni kwenye meza ya gari, pamoja na picha za simu zilizonikumbusha saa na mahali. Bei ni zile tulizolipa sisi msimu ule.

Sababu ya safari ni Mama. Alikuja kututembelea Minnesota kutoka Musoma, na alipokwisha kuzungushwa madukani na kwenye nyumba za ndugu akasema sasa anataka kuona maji. Nikamwambia yapo: Ziwa Superior, kilomita za mraba zipatazo 82,100, wakati Ziwa Victoria letu lina kama 68,800. Hakuna ziwa la maji yasiyo na chumvi lenye eneo kubwa kuliko hilo duniani. Mama akajibu, "Nikiliona nitakuambia."

Tulikodi RV ya futi 25. Kwa ambaye hajawahi kuingia ndani yake, ni gari lenye nyumba nyuma ya dereva: vitanda, jiko la gesi la plet tatu, friji, choo na bafu dogo. Leseni ya kawaida inatosha kuliendesha. Tulilipa dola 165 kwa usiku kabla ya bima na kodi, tukapewa maili 100 za bure kwa siku, na kila maili ya ziada senti 35. Tulikuwa Mama, mume wangu, mimi, binti yetu wa miaka kumi na miwili na mdogo wake wa kiume wa miaka minane.

Jumamosi, 15 Julai: Minneapolis hadi Duluth

Makabidhiano ya gari yalikula asubuhi yote. Kijana wa ofisini alituonyesha pa kujaza maji safi, pa kuchomeka umeme, mpini wa kufungulia maji machafu na namna ya kuwasha hita. Mume wangu alirekodi kila hatua kwa simu, na video zile zilitufaa njiani kuliko kitabu cha maelekezo. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Tena ulizeni kimo cha gari, mkiandike na kukibandika mbele ya dereva. Letu lilikuwa futi 11 na inchi mbili, na mapaa ya sheli za vijijini si yote yanayopitisha kimo hicho.

Tulipitia duka la Waafrika pale Brooklyn Park kuchukua unga, mchele, maharage na bamia, kisha tukashika barabara kuu ya I-35 kwenda kaskazini. Haina mengi mpaka Hinckley, ambako tulinywa chai na mikate ya kukunja yenye karameli, mmoja ukiwatosha watoto wote wawili. Mji huu uliteketea tarehe 1 Septemba 1894 kwa moto wa msituni ulioua watu zaidi ya 400, na makumbusho ya moto huo yako ndani ya stesheni ya zamani ya treni. Hatukuingia, Mama alikuwa na haraka ya ziwa.

Duluth inakutokea ghafla. Barabara inapanda mlima, kuna mahali pa kupumzikia juu kabisa, na ukisimama hapo unaona mji mzima ukiteremka hadi bandarini na ziwa likiendelea mpaka linakutana na mbingu. Minneapolis tuliiacha na joto, lakini pale juu upepo ulikuwa wa baridi. Mama alishuka, akajitanda khanga ya pili mabegani, akatazama kwa kitambo.

"Ng'ambo haionekani," akasema. Kisha akauliza, "Mitumbwi iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Ziwa kweli lilikuwa tupu: meli moja ndefu kwa mbali, mashua mbili tatu za matanga karibu na bandari, basi. Saa kama ile Musoma wavuvi wa dagaa wangekuwa wanaandaa taa zao kutoka. Swali hilo tulisafiri nalo.

Kushuka mjini kulitugharimu karibu saa nzima kwa sababu makutano ya barabara kuu yalikuwa yakijengwa upya. Kambi yetu ya kwanza ilikuwa Park Point, ulimi mwembamba wa mchanga uliotenganisha ziwa na bandari, na njia ya kuufikia ni moja tu: Daraja la Kuinuka. Lilijengwa mwaka 1905 likiwa na behewa lililoning'inia kuvusha watu na magari, na mwaka 1930 likageuzwa, sakafu yake yote ikawa inapanda juu. Tulifika taa nyekundu ikiwaka. Meli yenye urefu wa karibu mita 300 ilikuwa inaingia kuchukua madini ya chuma. Ikapiga honi, daraja likajibu kwa honi yake, na ukuta wa chuma ukaanza kupita mbele ya watu waliojipanga ukingoni, karibu kiasi kwamba tuliona kutu kwenye mishono ya bati. Baharia mmoja akawapungia wanangu mkono. Tulisubiri dakika kama ishirini na hakuna aliyelalamika garini.

Kambi ilikuwa uwanja wa boti unaopokea RV, dola 60 pamoja na umeme na maji. Haina kivuli, lakini unavuka barabara tu uko kwenye mchanga. Mama alivua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akatoka mara moja. "Haya maji yanauma." Katikati ya Julai!

Kwa atakayefika na gari kubwa: msijaribu kupaki mitaa ya karibu na daraja. Acheni gari kwenye uwanja mkubwa wa ukumbi wa mikutano mje kwa miguu. Makumbusho ya meli yaliyo chini ya daraja hayatozi kiingilio, na wana ratiba ya meli zinazotarajiwa.

Jumapili, 16 Julai: Duluth hadi Two Harbors

Kuna njia mbili za kwenda Two Harbors. Chukueni ile ya zamani, inayofuata ufuko. Inachelewesha kidogo, ila unapita Knife River, kijiji cha nyumba chache chenye samaki wa moshi. Tulinunua pande mbili, moja ya trauti wa ziwani na moja ya samaki mweupe wa huku, kwa dola 27 zote. Ngozi yao ilikuwa imegeuka rangi ya shaba na mafuta yameganda kwenye karatasi.

Two Harbors ni mji wa watu wachache kuliko sekondari nyingi za bweni za kwetu zikiunganishwa mbili tatu, lakini una historia ya kutosha. Shehena ya kwanza ya chuma ya Minnesota iliondokea hapa mwaka 1884. Kampuni ya 3M ilianzishwa hapa mwaka 1902 na watu waliodhani wamepata jiwe gumu la kusagia, kumbe jiwe lilikuwa jingine. Boti ya kukokota meli iitwayo Edna G, ya mwaka 1896, ilikuwa bado imefungwa gatini. Pembeni mwa reli kijana wangu aliokota vidonge vya chuma, vya duara, vya rangi ya zambarau iliyokolea, vya ukubwa wa gololi. Ndivyo chuma kinavyosafirishwa siku hizi: mwamba wenye chuma kidogo unasagwa, chuma kinanaswa kwa sumaku, unga wake unaviringwa na kuchomwa.

Kambi ya Burlington Bay ni mali ya mji wenyewe. Hapa nataka kusema jambo ninaloliamini kabisa baada ya safari hii: kabla ya kuhangaika na mbuga maarufu, tafuteni kambi za halmashauri za miji midogo. Ziko ndani ya mji, duka liko hatua chache, choo ni safi, na mara nyingi ndizo zilizopewa ufuko mzuri kuliko wote. Mji ungeweza kuuza ardhi ile kwa hoteli. Umeiweka ibaki ya watu, na familia kama yetu ikalala mbele ya ziwa kwa bei ambayo hoteli ya ufukweni isingetupa hata chumba cha mtu mmoja.

Jioni pampu ya maji ilikata. Namba ya dharura ya waliotukodishia iliita bila kupokewa. Mume wangu alikuwa amelala chali chini ya sinki na tochi mdomoni alipokuja jirani yetu, mzee mstaafu kutoka Iowa, na kisanduku cha vifaa. Hakuuliza mengi. Alifungua kifuniko kilichokuwa chini ya kitanda, akagusagusa kwa kipimo cha umeme, akachomoa fyuzi moja iliyoungua na kuitazama kwenye mwanga. Akaweka ya kwake, na nyingine mbili akampa mume wangu mkononi. Pampu ikanguruma. Pesa alikataa. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wa watu haondoki mikono mitupu." Tukampelekea chapati sita zilizotoka jikoni sasa hivi, na baada ya nusu saa mkewe akaja kuuliza zinapikwaje.

Chakula chetu usiku ule: Mama alichambua samaki wa moshi, akakaanga kitunguu na nyanya, akamwaga samaki na maji kidogo, akaacha vichemke taratibu. Ugali wa watu watano kwenye plet ndogo unahitaji subira, maana sufuria haikai sawa na moto ni dhaifu. Mume wangu alishika masikio ya sufuria, mimi nikasonga. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado halijazama vizuri. "Watu wa huku wanalala saa ngapi?" Mama akauliza, na wajukuu wake wakafurahi kwamba swali hilo halikuwa na jibu.

Jumatatu, 17 Julai: Gooseberry na Split Rock

Tulibaki kambi ile ile na kutembea kutokea hapo. Hewa ilikuwa na harufu ya moshi wa mioto ya misitu ya Kanada, ambao mwaka ule ulitushukia mara kwa mara. Mama alikohoa kidogo asubuhi, mchana ukapungua.

Maporomoko ya Gooseberry yako maili kumi na tatu mbele. Kituo chake cha wageni ni pia mahali pa kupumzikia pa barabara kuu, kwa hiyo ukipaki hapo hulipi kibali cha mbuga. Mbuga nyingine zote za jimbo mwaka ule zilidai dola 7 kwa gari kwa siku au dola 35 kwa mwaka. Sisi tulikata cha mwaka, na kilirudisha pesa yake mapema. Maji ya mto ni ya rangi ya chai ya rangi, kwa sababu yanatoka kwenye vinamasi vyenye majani yanayooza, nayo si machafu. Watoto walikaa saa mbili mahali mto unapotulia, kati ya poromoko la katikati na la chini, ambako kuna vidimbwi vya kina kifupi vyenye joto kidogo. Kuta za mawe zilizopo zilijengwa miaka ya 1930 na vijana wa mpango wa serikali wa kuwapa kazi waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi, na hakuna jiwe lililotikisika.

Split Rock ina mnara wa taa juu ya jabali lenye urefu wa karibu mita 40. Novemba 1905 dhoruba moja iliharibu meli 29 kwenye ziwa hili. Wenye meli wakaiandama serikali mpaka mnara ukajengwa, na taa ikawashwa mwaka 1910. Wakati huo hakukuwa na barabara. Kila tofali na kila gunia la saruji vililetwa kwa meli na kuvutwa juu ya jabali kwa winchi. Kioo cha taa kilitengenezwa Paris, na uzito wake wote ulielea juu ya zebaki ili uzunguke kwa urahisi. Mwaka 1969 mnara ulistaafishwa. Sasa huwashwa kila tarehe 10 Novemba kuwakumbuka mabaharia 29 wa Edmund Fitzgerald, meli ya kubeba madini ya chuma iliyozama siku hiyo mwaka 1975.

Kiingilio cha mnara ni tofauti na kibali cha mbuga, zaidi ya dola 10 kwa mtu mzima. Mimi nasema kilipeni. Mama alipanda ngazi zote kwa kupumzika pumzika, na kijana aliyevaa sare ya mlinzi wa taa wa zamani akamletea kiti bila kuombwa. Alipoambiwa walinzi waliishi pale na familia zao msimu wote wa meli, akauliza mara moja wake zao walinunua wapi chakula. Kijana akajibu: kwa boti, walipoweza.

Jumanne, 18 Julai: hadi Grand Marais

Barabara namba 61 hapa inapita ndani ya mahandaki mawili yaliyochimbwa miaka ya 1990 kukwepa kingo za majabali. Mengine mpaka Silver Bay ni misitu ya misonobari na ziwa upande wa kulia.

Silver Bay ni mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha chuma. Kuanzia mwaka 1955 kiwanda kilimwaga mabaki ya mwamba ziwani, maelfu ya tani kila siku, mpaka zikaonekana nyuzinyuzi kama za asbesto kwenye maji ya kunywa ya Duluth. Kesi ilichukua miaka, na umwagaji ukakoma mwaka 1980. Tulisimama tu kununua barafu na mafuta, lakini nilimweleza binti yangu habari hiyo tukiwa tumeelekea kiwandani, kwa sababu ziwa unaloliona safi leo kuna watu waliokwenda mahakamani kwa ajili yake.

Jibu la swali la Mama tulilipata Tofte. Kuna makumbusho madogo ya uvuvi ndani ya jengo jekundu kando ya maji, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa zamu alituzungusha bila haraka. Ufuko huu ulijaa wavuvi, wengi wahamiaji kutoka Norwe, kila mmoja na mashua yake ndogo na nyavu zake. Kisha akaja lampri. Ni samaki mrefu kama mkunga, hana taya. Mdomo wake ni duara lenye meno, nao humng'ang'ania trauti ubavuni na kumnyonya. Alipita kwenye mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya meli, akaonekana Superior mwaka 1938, na kwa kuwa uvuvi nao ulikuwa umezidi, trauti wakaisha. Tangu mwaka 1958 mito wanakozaliana lampri hutiwa dawa inayowaua wachanga wao, na trauti wamerudi. Wavuvi hawakurudi wote.

Nilimtafsiria Mama neno kwa neno. Akamuuliza yule mwenyeji kama anamjua sangara. Hakumjua. Basi Mama akamsimulia, nami nikatafsiri upande wa pili: samaki aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akakua mpaka kushinda mtu kwa uzito, akawala furu waliokuwa chakula cha kila nyumba alipokuwa binti. Viwanda vya minofu vikaja, fedha zikaja, furu wakatoweka aina kwa aina. "Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama akamwambia. "Lakini wageni wengine wakija, mwenyeji haponi." Yule mama alitoa kalamu akaomba nimwandikie jina la furu.

Grand Marais tuliingia saa kumi jioni. Kambi ya mji iko palepale bandarini, dola 50 na ushei kwa sehemu yenye umeme na maji. Usiende Julai bila kuhifadhi nafasi.

Jumatano, 19 Julai: Grand Marais

Mvua ya asubuhi, kisha ukungu mzito uliomeza mnara wa bandari. Foleni ya maandazi ya duara ilikuwa imeshafika barabarani saa moja na nusu asubuhi, na mwanamume aliyekuwa mbele yetu alimpisha Mama mpaka dirishani.

Mchana mume wangu na watoto walikwenda mbuga ya Judge Magney kuona Birika la Shetani. Mto Brule unagawanyika mwambani: nusu inaporomoka kawaida, nusu inaingia kwenye shimo na kupotea. Watu walisimulia kwa miaka kwamba maji yale hayaonekani tena popote. Wataalamu wa jimbo walipopima mtiririko, juu ya poromoko na chini yake wakakuta maji ni yale yale kwa kiasi, maana yake yanarudi mtoni chini kwa chini. Binti yangu alirudi amechoka kwa ngazi na kukasirika kwamba siri imefichuliwa.

Tahadhari ya simu: ukikaribia mpaka, simu inaweza kukamata mtandao wa Kanada. Saa inaruka mbele saa moja na gharama zinaanza kuhesabiwa. Zimeni huduma ya nje kabla ya kupita Grand Marais.

Mimi na Mama tulikaa kwenye miamba ya Artist's Point. Hakuna mengi ya kuandika kuhusu saa zile, tulizungumza mambo ya nyumbani.

Alhamisi, 20 Julai: hadi Washburn, Wisconsin

Siku ya barabara tu. Tulirudi Duluth, tukavuka daraja la Bong kuingia Wisconsin, tukafuata barabara namba 2 kisha 13. Mafuta yalikuwa nafuu upande huu. Njiani tulimwaga maji machafu kwenye sheli kwa dola 10. Vaeni glavu, fungueni tangi la choo kwanza ndipo la sinki, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Kuni nazo nunueni mnapolala. Kusafirisha kuni kutoka mbali kunaeneza wadudu wanaoua miti, na jimbo linakataza kuziingiza kwenye mbuga zake.

Washburn ina kambi mbili za mji, zote kando ya ziwa. Yetu, West End Park, ina kisima kinachobubujika chenyewe, na wenyeji huja na madumu. Maji ni baridi na hayana ladha yoyote ya dawa. Mama aliyaonja, akarudi na ndoo.

Jua lilipokuwa linashuka, bibi wa kambi jirani alipita na mumewe wamebeba trauti wawili waliotoka kuwavua. Wakaanza kuwachuna minofu mezani, na bibi akawa anatupa vichwa kwenye ndoo. Mama hakuvumilia. Alikwenda, akasalimia kwa ishara, akanyoosha mkono kuomba kisu. Akapasua tumbo kwa mkupuo mmoja, akatoa mashavu, akaosha mpaka mfupa wa mgongo ukawa mweupe, halafu akachanja ubavu mistari ya mshazari na kusugua chumvi na ndimu ndani ya kila mchanjo. Vichwa akavitoa kwenye ndoo. Tulikaanga samaki mzima kwenye sufuria yetu, vichwa vikawa mchuzi, nao wakaleta mahindi ya kuchemsha. Wale wazee wawili hawakuwa na lugha moja hata kidogo na Mama, lakini bibi yule alikunywa mchuzi wa kichwa mpaka tone la mwisho, akajaziwa.

Ijumaa, 21 Julai: Bayfield na kisiwa cha Madeline

Kivuko cha kwenda Madeline kinachukua kama dakika 25. Kuvusha RV ni ghali na haina haja. Tuliiacha Bayfield tukaenda kwa miguu. Kisiwani tulikula aiskrimu, tukatembea, tukarudi. Cheri zilikuwa zimeiva mashambani juu ya mji, unachuma mwenyewe na kulipia kwa uzito.

Kilichotuweka Bayfield ni gati la wavuvi. Hatimaye, mashua za kazi! Fupi, zimezibwa juu kote kwa ajili ya baridi, nyavu zikiwa zimelundikwa kwenye masanduku. Wengi wa wavuvi wa upande huu ni Waojibwe wa Red Cliff, wenyeji wa asili wa huku, ambao haki yao ya kuvua ziwani, iliyolindwa na mkataba wa mwaka 1854, ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Wisconsin mwaka 1972. Mvuvi mmoja wa makamo alikuwa akitengeneza wavu. Nikamwambia mama yangu ni binti wa mvuvi kutoka Afrika. Akamsogezea ndoo iliyopinduliwa akae.

Mama aliushika wavu, akapima jicho lake kwa vidole: vitatu vikaingia. "Makila," akasema, kama tunavyoziita kwetu nyavu za kutega, "haya ni makila kabisa, kama ya baba." Akauliza yanategwa kina gani, yanakaa siku ngapi, nani anaamua ukubwa wa jicho, msimu gani wanafunga. Mvuvi alijibu yote, kisha naye akauliza: kwenu mnavua na taa, mnawezaje kuona upepo ukibadilika usiku? Mama akamwambia unausikia shingoni kabla ya kuuona majini. Mvuvi akatikisa kichwa kukubali, akasema baba yake alisema hivyo hivyo. Tulikaa pale zaidi ya saa moja, na alipomaliza alifunga samaki mweupe wawili kwenye gazeti. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo sana, Mama akamwongezea.

Jumamosi, 22 Julai: nyumbani kupitia Hayward

Barabara namba 63, misitu na maziwa madogo yasiyohesabika. Hayward kuna samaki wa sanamu mrefu kuliko ndege ya abiria ya kawaida, mita zaidi ya 40, unapanda ndani yake hadi mdomoni. Watoto walipanda, Mama akapiga picha kutoka chini kumtumia dada yake.

Hesabu: maili 760 hivi. Gari lilikula galoni moja kwa kila maili tisa, kwa hiyo mafuta yalitugharimu dola 300 na kidogo. Kambi zote pamoja hazikufika dola 380. Kukodi gari, bima na kodi ndiyo sehemu kubwa, na hapo ndipo familia mbili zikichangia mambo yanakuwa mepesi. Chakula tulipika wenyewe karibu kila mlo. Gari lirudisheni likiwa limefagiliwa, tangi za maji machafu tupu na mafuta kama mlivyolikuta. Sisi tulirudishiwa amana yote.

Nafasi za mbuga za Minnesota hufunguliwa siku 120 kabla, na zile za ufukweni huisha asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo anayetaka katikati ya Julai akae tayari katikati ya Machi. Kambi za miji zina utaratibu wao, pigeni simu halmashauri. Mama akija tena tunakusudia upande wa Michigan, Ontonagon hadi Munising, na ameshasema nyavu za kule pia lazima azipime.